MREJESHO: Filimbi ya Kiayalandi ya kutengenezwa kwa mkono, nimeipata

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nani anatengeneza filimbi za Kiayalandi kwa mkono, maana ile ya bei chee niliyonunua duka la watalii ilikuwa inapiga kelele kama birika la chai ukipanda noti za juu. Asanteni sana.

Kumbe mafundi wengine hawapo hata Ayalandi! Colin Goldie yuko Ujerumani, anaendeleza zile za aluminiamu za Bernard Overton, Mwingereza aliyemtengenezea mwanamuziki wa Ayalandi Finbar Furey filimbi ya sauti nene (low whistle) mwanzoni mwa miaka ya 70 baada ya filimbi ya mianzi ya Furey kuharibika. Ila mi nikaishia kwa fundi mmoja mdogo tu, hana hata duka, unaandika meseji unasubiri zamu yako, nimesubiri wiki tano.

Ni ya shaba, matundu sita, sauti ya D, kichwa kinavutika kidogo ukitaka kuituni. Mate yakijaa inakwama, hapo unaziba dirisha (lile tundu la kichwani linalotoa sauti) kwa kidole unapuliza kwa nguvu, yanatoka. Jirani bado analalamika lakini, hilo ni kosa langu sio la filimbi 😂