Duka linanitegemea mimi tu, nifanye nini kabla sijafungua la pili Njoro?

mama_agrovet (Nakuru)

Habari zenu wadau. Niko na agrovet hapa Free Area, nauza chakula cha mifugo, mbegu, na dawa kidogo za minyoo na kupe. Biashara inatembea, Jumamosi hata kuketi sipati. Sasa nimeona nafasi ya duka Njoro, wafugaji wa maziwa ni wengi huko na wengine tayari wananunua kwangu wanabeba na matatu, nikasema si niwafuate tu.

Shida ni kwamba hili la kwanza haliendi bila mimi. Nikienda matanga nyumbani siku mbili simu hainyamazi, kijana wa duka anauliza hii ni ngapi, huyu mteja anasema ulimwahidi deni je nimpe, dairy meal (chakula cha ng'ombe wa maziwa) imebaki gunia mbili niagize ama ningoje... na nikirudi, mauzo na stoki havilingani. Kijana simshuku, amekaa na mimi tangu mwanzo na ni mtu wa kuaminika, lakini pesa inapotelea mahali sipaoni. Kuna mtu ananiambia ninunue programu ya mauzo na kompyuta na mashine ya risiti, yote pamoja si pesa kidogo. Mwingine anasema niajiri mtu wa hesabu. Nyinyi mliotoka duka moja mkafika mawili matatu mlianzia wapi?

nafaka_kibuye

Dada hongera, wengi hufungua la pili ndio waanze kuuliza hayo maswali.

Programu isubiri. Kompyuta inahesabu kile imeambiwa, gunia likifunguliwa bila mtu kuandika nayo haitajua. Mimi nauza mahindi, maharagwe na mchele wa Ahero hapa Kibuye, kwa gunia na kwa kupima, na pesa yako naona inapotelea kwa kupima kilo.

Angalia. Gunia la dairy meal ni kilo 70. Tuseme kilo moja unauza 50 bob, likiisha linafaa kuleta 3,500. Hakuna gunia linaleta hiyo. Kuna inayomwagika, kuna inayobaki kwa pembe za gunia, kuna kijana mwenye mkono mzuri anaongezea mteja kidogo juu ya kilo, na mizani isiporudi sifuri kila anayepimiwa anaenda na gramu zako. Ukipoteza kilo 2 tu kwa gunia hiyo ni mia moja, na wewe unajua faida ya gunia moja ni ngapi, zidisha kwa gunia za mwezi mzima uone.

Sasa fanya hivi. Gunia likifunguliwa lipate kadi, hata kipande cha katoni, andika aina na tarehe, ibane kwa mdomo wa gunia na kibanio cha nguo. Kila akipima anaandika kilo hapo hapo, si jioni akikumbuka. Likiisha jumlisha, kadi iende kwa boksi. Na gunia lingine la aina hiyo hiyo lisifunguliwe kabla la kwanza halijaisha, hata mteja awe na haraka namna gani. Baada ya kadi kadhaa utajua gunia lako linatoa ngapi kweli. Kama kawaida yako ni 68, bei ya kilo ipange kwa 68, na siku ikitokea 63 utauliza siku hiyo hiyo bado kila mtu anakumbuka, si mwisho wa mwezi mkiangaliana tu.

Usihesabu duka zima kila jioni, utachoka na utaacha. Chukua zile bidhaa kumi hivi zinatembea sana uzihesabu kila siku, zingine shelfu moja leo nyingine kesho.

Hizo simu za kijana nazo ni mali. Nunua daftari, kila swali anakupigia aliandike na jibu ulilompa. Bei ya hii, anaweza kupunguza hadi wapi, nani anapewa deni, lori likifika nani anahesabu. Swali likijibiwa mara moja lisirudi tena. Hiyo daftari ndio itaenda Njoro.

mtu_wa_vitabu (Kakamega)

Naunga mkono hapo juu. Naongeza upande wa pesa maana ndio kazi yangu ya kila siku.

Wateja walipe kwa till ya biashara (ile namba ya M-Pesa ya duka) peke yake, si namba yako wala ya kijana. Ukichanganya na pesa ya nyumbani hutawahi kujua duka limeingiza nini, fii ya shule na mauzo vyote viko kwa simu moja. Halafu jioni hesabu ni hii: pesa iliyo kwa droo ukitoa ile ya chenji mliyoanza nayo asubuhi, ongeza ya till, ongeza deni la leo, toa deni la zamani lililolipwa leo, ongeza matumizi yaliyolipwa kutoka kwa droo na yawe na risiti. Hiyo jumla ilingane na mauzo yaliyoandikwa. Isipolingana andika tofauti ni ngapi, usiifiche na pesa ya mfuko wako, maana tofauti ndogo ikirudi kila Alhamisi inakuambia kitu.

Lori likija, anayepokea asiwe yeye anayelipa. Gunia zihesabiwe na watu wawili kwa ile karatasi ya dereva kabla hajawasha gari.

Na kabla ya Njoro jua kila duka linataka leseni yake ya kaunti, hiyo ya Nakuru mjini haifuniki jengo lingine. Ukiuza dawa za kunyunyizia mimea kuna leseni ya PCPB pia, ile bodi ya serikali ya dawa za kuua wadudu. Kodi: mauzo ya mwaka yakizidi milioni 1 hadi milioni 25 uko kwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, unapeleka ritani kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo inakatwa kwa mauzo yote si faida, kwa hivyo iweke ndani ya bei mapema. Na ulizia eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, kutoka Januari 2024 wateja wenye biashara zao wanataka risiti ya huko ndio manunuzi yao yakubalike.

kuku_na_maziwa (Bungoma)

Mimi sikubaliani kabisa na hiyo ya programu kusubiri. Kwa chakula sawa, kadi inatosha. Lakini dawa zina tarehe ya kuisha, na ukiwa na aina nyingi kichwa hakiwezi. Hata kama si programu ya kununua, weka jedwali kwa simu, dawa zipangwe kwa tarehe ya kuisha na sio kwa jina, inayoisha mapema ikae mbele kwa shelfu. Mfugaji akiuziwa dawa ya kupe iliyoisha, ng'ombe wake anateseka na jina lako linaenda na hiyo habari hadi sokoni. Hapo sitaki mchezo.

Deni sasa. Mfugaji wa maziwa analipwa na kiwanda ama ushirika mwisho wa mwezi, kwa hivyo deni huwezi kukataa, ukikataa anaenda kwa jirani. Lakini kila mtu awe na kiwango chake, kwa mfano gunia moja hadi alipwe maziwa, aweke sahihi kwa kitabu cha nakala mbili abaki na yake, na asiyemaliza la mwezi uliopita hapati jipya. Kijana asikupigie kuuliza, aangalie kitabu tu. Ikikataliwa na kitabu haileti uadui kama ikikataliwa na mtu.

mama_agrovet (Nakuru)

Asanteni sana, hiyo ya kadi naanza kesho na karatasi nimeshakata. Swali mbili. Kuagiza nitajuaje wakati, maana mimi huangalia tu kwa macho nikiona zimepungua napiga simu. Na Njoro niende mimi ama nipeleke mtu mpya?

nafaka_kibuye

Kuagiza: siku moja unauza gunia ngapi, na ukipiga simu lori linachukua siku ngapi kufika. Kama ni 4 kwa siku na lori ni siku 3, hiyo ni 12, weka 4 za dharura, 16. Zikifika 16 kijana anaagiza bila kukuuliza. Piga mstari wa rangi ukutani pale gunia 16 zinafika zikipangwa, hata mgeni ataona. Kiangazi nyasi zikikauka watu wananunua zaidi, mstari upandishe.

Njoro peleka huyu kijana wa zamani, ndio anajua kazi na wateja wengine wa huko wanamjua sura. Wewe baki Free Area umfundishe mpya na ile daftari, akikwama utajua ni ukurasa gani haujaandikwa vizuri. Lakini kabla ya kulipa pango la duka la Njoro, toka wiki nzima. Usishike simu ya duka mchana, hesabu utumiwe jioni tu. Vitabu vikilingana wiki hiyo lipa pango, visipolingana rekebisha utoke tena. Na usifungue Machi ama Aprili, wakati huo mbegu zinakimbizwa na hutakuwa na nafasi ya kuangalia duka mbili.

kuku_na_maziwa (Bungoma)

Huyo kijana umwongeze kitu kwa mshahara akienda Njoro, na mwambie mapema ni kiasi gani. Anaenda kubeba duka, si kuuza tu.