Mdahalo: Marekani iogopwe au iheshimiwe? Naomba hoja zenye mifano

Kizota_24
Wakuu, mbukwenyi. Vijana wa kidato cha sita hapa Dodoma mjini wana mdahalo Jumamosi. Mada: "Sera ya nje ya Marekani ijengwe juu ya hofu kuliko heshima." Sisi tunapinga. Shida ni kwamba kila kijana anakuja na "ubeberu" na "mabavu", ukimwomba mwaka au mfano ananyamaza. Kila msemaji ana dakika 5. Naomba mifano inayoshika, na mnionyeshe wapinzani watatupiga wapi.

Mbuyu_wa_Bahi
Mbukwa mkuu. Kwanza, neno "hofu" lisipite hivi hivi. Kuna hofu ya kumzuia mtu asifanye jambo ambalo bado hajalianza, na kuna hofu ya kumshurutisha aache analolifanya. Ya kwanza ni nyepesi: anayetishwa akitulia tu, hakuna atakayejua kama alinywea au hakuwa na nia tangu mwanzo. Ya pili inamtaka arudi nyuma huku watu wake wanamtazama, na kiongozi gani anataka hilo? Wapinzani watabeba mifano ya kuzuia ili kutetea kushurutisha. Wabaneni hapo.

Wataanza na Cuba, Oktoba 1962. Watasema Rais Kennedy wa Marekani alitunisha misuli, Khrushchev wa Usovieti akaondoa makombora aliyoyaweka Cuba. Jibu lenu: someni masharti. Marekani iliahidi hadharani kutoivamia Cuba, na kwa siri ikakubali kuondoa makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki, nayo yakaondolewa kufikia Aprili 1963. Hata lile zuio la meli za kwenda Cuba Marekani waliliita karantini, kwa kuwa kuzingira bandari za nchi nyingine kisheria ni kitendo cha vita, na kabla ya kulianza walitafuta kwanza kura ya Jumuiya ya Nchi za Amerika. Kwa hiyo kulikuwa na tishio, ndiyo, lakini mpinzani aliachiwa mlango wa kutokea.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yenu, mpeni msemaji wa pili dakika zote 5. Tishio lina nusu mbili: "usipotii nitakupiga" na "ukitii sitakupiga". Watu wanahesabu mabomu ya nusu ya kwanza wanasahau ya pili, ambayo haina bomu hata moja, inasimama juu ya neno la mtu. Desemba 2003 Libya ilitangaza kuachana na mpango wake wa silaha za maangamizi. Mwaka 2011 ndege za NATO (muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake), za Marekani zikiwemo, ziliwasaidia waasi, na Oktoba mwaka huo Gaddafi akauawa. Korea Kaskazini imeutaja mfano huo waziwazi kueleza kwa nini haitoi silaha zake.

Iran vilevile. Mkataba wa nyuklia wa 2015 uliiwekea kikomo cha kurutubisha urani hadi asilimia 3.67 na akiba ya kilo 300. Mei 2018 Marekani ikajitoa na kurudisha vikwazo, wakati wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanathibitisha kwamba Iran iko ndani ya kikomo. Iran ilivuka kikomo cha akiba katikati ya 2019, na Aprili 2021 ikaanza kurutubisha kufikia asilimia 60. Hofu iliongezwa, na urani nayo ikaongezeka.

Bi_Veyula
Nakubaliana na Mbuyu, ila mifano yote iko mbali. Ukumbi wa Dodoma utaamka kwa mitumba.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikapeleka malalamiko serikalini kwao, na nchi zetu zikaambiwa nafasi yao ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, itapitiwa upya. Kenya ililegeza mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Tahadhari: mfano huu unakata kuwili. Wapinzani watasema nchi tatu kati ya nne ziliogopa, kwa hiyo hofu inafanya kazi, na robo tatu si haba. Msibishe hilo, mtaaibika; mitumba soko la Sabasaba ipo na kila mtu ukumbini ameivaa. Ulizeni bei yake. Aliyetii kwa kuogopa AGOA anaanza siku hiyo hiyo kutafuta soko lingine ili asiogope tena. Mkono usioweza kuukata ubusu, lakini aliyebusu anaendelea kunoa kisu.

Kizota_24
Asanteni sana. Bi Veyula, hiyo ya kisu wataipenda. Wapinzani tumesikia wanakuja na Machiavelli, yule mwandishi wa siasa wa Italia ya zamani, "afadhali kuogopwa kuliko kupendwa". Na je, heshima ina mfano wake yenyewe, au sisi kazi yetu ni kubomoa tu?

Bi_Veyula
Machiavelli wamemkata katikati. Alisema hivyo kwa mtawala asiyeweza kupata vyote viwili, kisha akaonya kwamba aogopwe bila kuchukiwa. Isitoshe alilinganisha hofu na upendo. Mada yenu ni heshima. Mtu unaweza usimpende kabisa na bado neno lake ukaliamini.

Mfano wa heshima: kifungu cha 5 cha NATO, shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote. Tangu 1949 kimetumika mara moja tu, Septemba 2001, na aliyetetewa ni Marekani yenyewe. Hakuna aliyewatisha wale washirika waje.

Mbuyu_wa_Bahi
Ongeza Kongwa, ni mkoa wetu. Wapiganaji wa ANC, chama cha Mandela cha ukombozi wa Afrika Kusini, walikuwa na kambi pale tangu 1964. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo dhidi ya makaburu likaipindua kura ya turufu ya Rais Reagan, ilhali jina la Mandela lilibaki kwenye orodha yao ya magaidi hadi 2008, miaka 9 baada ya kumaliza urais. Kwa hiyo vijana wasiseme "Marekani inataka" kana kwamba ni mtu mmoja. Waseme Ikulu au Bunge, na mwaka.

Msemaji wa mwisho afunge na Salim Ahmed Salim, 1981, kinyang'anyiro cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru. Inasemwa sana kwamba haikusahau alivyoshangilia China ilipopewa kiti mwaka 1971. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim. Wote wawili wakakaa pembeni, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Turufu iliweza kumzuia mtu, haikuweza kumpitisha mtu. Dakika moja inatosha, na majina wayafanyie mazoezi Ijumaa, hasa la Mperu.