Nina nafasi kidogo Ahmedabad: niende Taj Mahal au nibaki hapo hapo?

Mtoto wa Pangani: Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi ujao namsindikiza mjomba Ahmedabad, India, kwa matibabu. Binti yake naye yuko huko, tutapokezana kukaa na mgonjwa, kwa hiyo nitapata nafasi ya kutembea. Kila ninayemwambia anasema nisirudi bila picha ya Taj Mahal. Nishaurini.

Kiberiti: Taj iko Agra mkuu, jimbo jingine kabisa. Kwa treni ni usiku mzima na ushee. Ukifika Ijumaa unakuta pamefungwa. Na mjomba akibadilika ghafla je?

BintiMakorora: Nimesoma Ahmedabad. Baki hapo hapo, tena Mji Mkongwe wake ndio mji wa kwanza India kuingizwa Urithi wa Dunia wa UNESCO, 2017. Asubuhi kuna matembezi ya manispaa pamoja na mwongozaji: yanaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur, mnapita kwenye pol, yaani vile vichochoro vyenye geti na nyumba za mbao zilizochongwa, mnaishia Jama Masjid, msikiti mkuu wa 1424. Humo pol tazama juu, utaona vibanda vya kulishia ndege vimesimama kwenye nguzo.

Usikose msikiti wa Sidi Saiyyed. Sidi Saiyyed mwenyewe alikuwa Mhabeshi, mwenzetu wa bara hili, na msikiti ulijengwa miaka ileile Akbar, mfalme wa Mughal, alipoiteka Gujarat, jimbo lenye Ahmedabad, karibu na 1573. Madirisha yake ya nyuma ni jiwe lililotobolewa kama lesi: shina moja la mti, matawi yanasokotana mpaka yanajaza nusu duara yote. Nenda alasiri, jua likiwa magharibi linapenya kwenye matundu. Ukipita usiku, zunguka nyuma upande wa barabara uyatazame kwa nje.

Mzee wa Hoja: Napinga. Mtu anafika India mara moja maishani, mnamwambia aangalie madirisha?

BintiMakorora: Mzee wangu, shikamoo. Anasindikiza mgonjwa, hayuko fungate.

Kiberiti: 😂😂 Mtoto wa Pangani, ongeza Adalaj, nje kidogo ya mji. Ni kisima cha ngazi cha mwishoni mwa karne ya 15, unashuka ghorofa tano chini ya ardhi, kila nguzo imechongwa. Juu jua kali, chini baridi. Patana bei na bajaji ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, maana kule kupata nyingine ni shida. Na makazi ya Gandhi kando ya mto Sabarmati hayana kiingilio. Hapo ndipo alipoanzia matembezi ya chumvi, yale ya kupinga sheria ya Waingereza ya chumvi, Machi 1930.

Mtoto wa Pangani: Asanteni sana, Agra nimeifuta. Chakula je? Mimi bila nyama silali.

BintiMakorora: Nyama ipo, tafuta mitaa ya Waislamu, Bhatiyar Gali karibu na lango la kale la Teen Darwaza. Ila nenda pia Manek Chowk usiku. Asubuhi ni soko la mboga, mchana masonara, wakifunga tu meza za chakula zinatandazwa. Bia usiulize, Gujarat pombe ni marufuku. Na kama safari ni Mei, tembea kabla ya saa tatu asubuhi, joto linapita nyuzi 40.