Mrejesho: ile makala ya dipresheni na maombi

Wapendwa, niliwauliza nifanyeje na edita aliyetaka nitoe aya ya dawa na kaunsela, ati wasomaji wa kanisani wataniona sina imani. Sikuitoa, niliitanguliza tu na Eliya, 1 Wafalme 19, pale chini ya mretemu (kichaka cha jangwani) ameomba afe na malaika wala hamhubirii, anampa mkate wa makaa na maji, analala, anaamshwa ale tena. Edita akanyamaza wee (nikajua pesa imeenda) halafu akapitisha yote, hata ile sentensi kwamba kwenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, si aibu. M-Pesa imeingia jana, nusu, nyingine ati endi manth, hiyo nitamsumbua. Aliyeniambia nianze na Biblia yenyewe, asante sana.