Subaru WRX ya 2003 inakula oili na kupunguza maji, mafundi watatu magonjwa matatu, niendelee nayo au niachie?

boksa_kuukuu

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie mawazo kabla sijafanya maamuzi ya hasira. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya EJ20 yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia ya mkono, dashibodi inasoma kilomita 187,000 na nyinyi wenyewe mnajua kilomita za gari kuukuu ni imani tu. Nimeinunua miezi nane iliyopita, siku naenda kuiona nilikuwa na maswali kumi na kitu nimeyaandika kwenye simu, jamaa akaiwasha, ule muungurumo ulipotoka nikasahau yote nikauliza swali moja tu, makabidhiano lini.

Sasa iko hivi. Kila wiki naongeza maji kwenye tanki la akiba, kama nusu lita hivi, ila chini ya gari sioni tone. Oili inashuka kutoka alama ya juu ya dipstiki hadi ya chini kwa kilomita kama 1,500. Asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unapotea, na nikisimama muda mrefu napata harufu ya oili inayoungua inaingia ndani. Haijawahi kuchemsha, nguvu zipo, tena zipo haswa.

Fundi wa kwanza kasikiliza dakika tano kasema injini imekufa tafuta nyingine. Wa pili kasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Wa tatu kasema tabo. Wote hao hakuna aliyeshika hata spana. Mke wangu gari anaiita mke mwenza na saivi naanza kumwelewa.

Niongeze tu kwamba belti ya taimingi sijui ilibadilishwa lini, aliyeniuzia alisema bado nzuri. Na nilishabadilisha tairi mbili za mbele, za nyuma bado zina maisha. Nilikuwa nawaza pia kufunga ekzosti kubwa na ile valvu ya tabo inayopuliza nje pshhh, ila nimesimama kwanza nisikie ushauri wenu.

mzee_wa_spana

Mkuu umetuandikia habari ya moshi aya nzima, halafu vitu viwili vinavyoweza kuimaliza hiyo gari kesho asubuhi umevipitishia mwishoni kama salamu. Belti na tairi. Mi naanza na hivyo.

Belti ambayo hujui tarehe yake ihesabu imekwisha, "bado nzuri" siyo tarehe. EJ20 hiyo ina kamshafti nne, valvu na pistoni zinapishana kwenye nafasi ileile kwa zamu, belti ikikatika au ikiruka meno zamu hakuna tena, valvu zinapinda ndani ya sekunde moja na hapo ndo yule fundi wako wa kwanza atakuwa mtabiri. Watu wanaibadilisha kwa kilomita 100,000, ila kwa gari ya 2003 hata kama kilomita hazijafika raba yenyewe imezeeka. Na usibadilishe belti peke yake, puli zake, tenshena (kile kikaza belti) na wota pampu viingie kwa pamoja maana kazi ya kufungua ni ileile, nimeona mtu kafunga belti mpya juu ya puli ya zamani, beringi ya puli ikakwama ikala belti mpya. Halafu tenshena ya hiyo injini ni ya oili ndani, ukitaka kuirudisha unaiminya kwenye jiliwa imesimama wima, taratibu kabisa, dakika kadhaa. Fundi akiibana kwa haraka kama anavunja nazi, sili ya ndani inakufa na hutajua mpaka ianze kugonga.

Tairi sasa. Hiyo gari inavuta magurudumu manne muda wote na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma, yenye kapulingi ya maji mazito. Ukifunga mbele mpya nyuma zilizolika, mzingo haulingani, kwa hiyo hata ukienda barabara iliyonyooka mbele na nyuma zinazunguka kwa spidi tofauti, difu inafanya kazi isiyokuwa yake masaa yote, inapata moto hadi yale maji yanapikika. Jaribu hivi, sehemu tambarare, kata usukani hadi mwisho utembee polepole mduara. Ikiwa inajivutavuta kama umesahau hendibreki basi madhara yameanza. Tairi nne, aina moja, zimelika sawa. Kama hizo mbili bado mpya kabisa tafuta nyingine mbili za aina ileile.

fundi_boksa

Nimefanya kazi na hizi injini miaka mingi kidogo, nikupe upande wa oili na maji. Kwanza hujaua chochote, punguza presha. Pili usinunue spea yoyote mpaka upime, maana kwa dalili hizo zako ukisikiliza maneno utabadilisha tabo, hedi na injini na mwisho ikaja kuwa mpira.

Harufu ya oili ukisimama: injini hii silinda zimelala, mifuniko ya valvu iko ubavuni, na ekzosti inapita chini yake. Gasketi za mifuniko zikikauka, oili inadondokea ekzosti inaungua palepale, ndiyo maana chini huoni tone. Chukua tochi na kioo kidogo angalia chini ya mifuniko pande zote mbili. Ukifungua badilisha na zile sili za duara za matundu ya plagi, vinginevyo oili itajaa kwenye tundu injini ianze kukosa moto (misi).

Moshi wa asubuhi unaopotea, kwa silinda zilizolala siyo ajabu, oili kidogo inabaki imelala chini ya ukuta wa silinda usiku. Muhimu ni moshi unatoka LINI. Ukikanyaga mafuta mlimani unatoka bluu mfululizo, ni ringi za pistoni. Ukikaa imesimama inaunguruma dakika kadhaa halafu ukaipa mafuta ukatoa wingu, angalia sili za tabo au za valvu. Kuna pia valvu ya PCV, ya kutoa mvuke wa ndani ya injini, kidude kidogo ambacho watu wanakisahau, ikikwama inasukuma oili kwenye njia ya hewa na gari inakula oili kama ringi zimekufa. Ichomoe uitikise, ikiwa haigongi ndani ibadilishe. Ni kitu kidogo kuliko kidole.

Maji: kuna pampu ya mkono ya kupima presha, unaifunga mahali pa mfuniko wa rejeta injini ikiwa BARIDI, unapampu hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko usizidishe, unaiacha nusu saa. Sindano ikishuka tafuta panapolowa. Rejeta zile juu na chini ni plastiki imebanwa kwenye alumini, baada ya miaka 20 plastiki inapasuka ufa mwembamba kama unywele, unafunguka ikipata moto tu, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Utaona alama kavu ya rangi ya kulanti. Halafu gasketi ya hedi ina kipimo chake, kile kimiminika cha bluu kinachonyonya hewa ya juu ya maji, gesi ya moshi ikiwemo kinageuka njano. Kikibaki bluu usikubali mtu afungue hedi.

Mwisho pima kompresheni (mgandamizo wa silinda), silinda zote nne, pedali ya mafuta imekanyagwa yote. Injini ya tabo ya hivi iliyo salama inasoma kama 142 hadi 171 psi, na kuliko namba yenyewe angalia zisiachane sana.

nimeuza_nimelala

Mi nitakuwa mbaya wa uzi huu. Uza.

Nilikuwa nayo ya namna hiyohiyo miaka minne. Ikavuja sampu (beseni la oili chini ya injini), nikampelekea fundi, akafungua akapaka silikoni kama anapaka siagi, akafunga. Ile iliyozidi ikaminyika kwa ndani, kipande kikakatika kikaenda kukaa kwenye chujio la kunyonyea oili. Nikaendesha wiki tatu furaha tele, siku moja nimetoka mzunguko nakanyaga taa ya oili ikawaka nikasema nitaangalia nikifika. Sikufika. Imenoki, konrodi (mkono wa pistoni) imetoboa bloku, oili nusu barabara. Kumbuka gari ilikuwa haina tatizo lolote zaidi ya matone manne kwa wiki. Yaani hizi gari siyo kwamba ni mbovu, ni kwamba hazikusamehe kosa la mtu mwingine.

Kama huna gari nyingine ya kwendea kazini usimiliki hii, maana ikilala gereji unaanza kuwaharakisha mafundi na fundi anayeharakishwa ndo huyo wa silikoni. Hilo nilijifunza mwenyewe hakuna aliyenihadithia.

mzee_wa_spana

@nimeuza_nimelala pole kaka, lakini taa ya oili ukaendelea kukanyaga? Hapo na wewe ulichangia 😅

nimeuza_nimelala

Nilichangia. Ndo maana nalala saivi.

petroli_kichwani

Mi nataka kujua mbona mmeruka suala la pshhh jamani, watu tunanunua hizi gari kwa raha siyo kwa kusoma dipstiki

fundi_boksa

Pshhh ina gharama yake. Sensa ya hewa iko mwanzo wa njia, kabla ya tabo. Hewa ikipita pale kompyuta imeshaihesabu na inapanga petroli yake. Ile valvu ya kiwandani hewa inayozidi inairudisha ndani, yako inaimwaga nje, petroli iliyopangwa inabaki haina hewa yake, kila ukibadili gia inachoma petroli nyingi kupita hewa iliyopo, plagi nyeusi na wakati mwingine inazima ukifika taa za barabarani. Na ekzosti kubwa bila kurekebisha programu ya injini kwenye hiyo gari busti (presha ya tabo) inaweza kupanda kuliko ilivyopangwa, mchanganyiko ukakosa petroli, pistoni ikapasuka kwenye kingo za ringi. Kwenye injini ya kilomita 187,000. Fanya utakavyo.

@boksa_kuukuu kingine, boliti inayopeleka oili kwenye tabo ina kichujio kidogo ndani, kama cha chai. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa kinaziba na tabo inakauka. Ukiwa unafungua vitu kiangalie. Na oili yenyewe kila kilomita 5,000, usisubiri zaidi, dipstiki kila ukijaza petroli.

boksa_kuukuu

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya nilikuwa chini ya gari.

Nimepata fundi wa nne ambaye alikubali kupima kwanza bila kunicheka. Kompresheni: 148, 150, 143, 146. Aliposoma namba ya mwisho tuliangaliana kama watu waliopata mtoto. Kutoa plagi kwenyewe ilikuwa vita, zimelala ubavuni karibu na chesisi, mkono unaingia ila hautoki na spana, betri na tanki la maji ya wepa vyote vilitolewa, nina kovu.

Kimiminika kimebaki bluu. Presha ya maji ilishuka ndani ya dakika kumi na ufa ulikuwa palepale @fundi_boksa aliposema, tanki la plastiki la juu la rejeta, upande wa betri, ufa hauonekani mpaka upampu halafu linatoka tone moja taratibu kama jasho. Pembeni kulikuwa na unga mkavu wa kijani ambao miezi nane mi nilidhani ni vumbi.

Gasketi za mifuniko ya valvu zilitoka vipande vipande, ngumu, ukizikunja zinalia ka! kama biskuti. PCV tuliitikisa, kimya. Tumebadilisha. Tangu hapo nimetembea kilomita 900 na oili imeshuka upana wa unyayo wa mchwa, sijaongeza.

Sasa belti. Mzee wangu mzee_wa_spana nakuheshimu. Fundi alipotoa kava akaniita niangalie, nyufa ndogondogo kwenye shina la kila jino, tenshena imelowa oili yake yenyewe, puli moja ukiizungusha kwa kidole inakwaruza kama ina mchanga. "Bado nzuri" kumbe. Vyote vipya sasa, na tenshena aliiminya kwenye jiliwa nimesimama naangalia saa. Tairi za nyuma natafuta za aina ya zile za mbele. Ule mduara nilifanya, haivuti, nashukuru Mungu.

Ekzosti nimeahirisha. Pshhh bado naiota.

Ila kuna kitu kimoja kimebaki, tangu tufunge rejeta mpya sindano ya joto inacheza kidogo, inapanda inarudi, na hita nikiwasha inatoa hewa baridi wakati injini ni ya moto. Nisije nikawa nimeharibu kitu?

fundi_boksa

Hewa. Injini iliyolala inaficha hewa ndani, hita kutoa baridi ni ushahidi. USIENDESHE hivyo hata kwenda dukani. Iache ipoe kabisa, inua pua ya gari iwe juu kuliko nyuma, fungua kijifuniko cha kutolea hewa kwenye rejeta, weka hita kwenye moto wa mwisho, mimina maji taratibu sana, huku mwenzio anakamua ile hozi nene ya juu kwa mkono kama anakamua ng'ombe. Yakianza kutoka bila mapovu funga, washa, subiri fani iwake mara mbili, zima, ikipoa angalia tena maji yamefika wapi. Huenda ukarudia mara mbili tatu.

boksa_kuukuu

Mara tatu. Mke mwenyewe ndo kakamua hozi, ya tatu ikatoa kiputo kimoja kikubwa gluuup maji yakashuka karibu lita nzima. Sindano imetulia katikati, hita inachoma miguu. Kauliza kama hiyo pshhh ni spea gani, nimemwambia nitamweleza baadaye.