Zahanati ya kijiji inatibu wengi kwa msamaha: fedha za dawa zitoke wapi?

Mjumbe wa Kamati (Kanda ya Ziwa):
Ndugu zangu, ninatumikia kamati ya usimamizi wa zahanati katika kijiji cha wakulima wa pamba. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya (unaochangiwa na wafadhili) huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na utaratibu huo ulitupa sauti ya kweli katika kupanga matumizi. Hata hivyo, dawa huisha kabla ya mgao wa robo inayofuata. Wagonjwa wetu walio wengi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo, ambao kwa mujibu wa sera hupewa msamaha na kutibiwa bure, na hakuna mjumbe anayetaka walipishwe. Wanaolipa papo kwa papo ni wachache, na waliokata kadi ya CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya hiari ya kaya) ni wachache zaidi. Mwezi uliopita nilimwona mama akirudi nyumbani na cheti cha dawa mkononi, mtoto mwenye homa akiwa mgongoni. Wenzetu mnafanyaje?

Mganga Mfawidhi (Singida):
Pole sana, Ndugu Mjumbe. Sisi tulianza kwa kuandika daftarini thamani ya kila huduma ya msamaha. Awali mhudumu aliandika neno "msamaha" na kufunga ukurasa, kwa hiyo katika hesabu tulionekana kituo kisichokusanya mapato, ilhali dawa zilikuwa zimetoka na zilikuwa zimenunuliwa. Sasa tunapokaa na halmashauri kupanga bajeti, tunaonyesha ni kiasi gani kituo kimebeba. Jambo la pili ni kutenganisha dawa: za malaria, chanjo na ARV huletwa bila kituo kuzilipia, hivyo fedha zenu zitangulie kwenye antibayotiki, dawa za shinikizo la damu, glovu na vifaa vya kujifungulia. MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) wakikosa dawa mliyoomba, dai taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo ili mnunue kwa mshitiri (muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuza dawa zinazokosekana MSD) kabla rafu hazijawa tupu.

Mwandikishaji wa zamani wa CHF:
Mpango wa CHF ulianzia Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, na kwa uzoefu wangu ulishinda au kushindwa kulingana na msimu. Wakati wangu, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita zilikuwa mzigo mzito mwezi Februari, ghala likiwa tupu, lakini mkulima yule yule alizitoa bila kulalamika akishauza pamba. Ila jazeni dawa kwanza, kwa sababu aliyekata kadi akaambiwa akanunue dukani hakati tena, na jirani zake wanasikia.

Mchangiaji (Dodoma):
Ninakubaliana na hayo, lakini tusiwageuze wanakijiji kuwa wafadhili wa msamaha uliotolewa na serikali. Aliyeahidi huduma bure ndiye anayepaswa kuilipia, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewatambua wasio na uwezo. Daftari la mganga ndilo dai lenyewe.

Mjumbe wa Kamati:
Ahsanteni. Nitaomba daftari hilo liwe ajenda ya kwanza ya kikao kijacho. Mganga, je, thamani ya dawa mnaiandika kwa bei ya MSD au ya mshitiri?