Mrejesho: Coaster yetu ya kulala imerudi salama kutoka Makete

Wakuu, niliomba ushauri wa kuiandaa Coaster niliyoigeuza nyumba, safari ya Dar hadi Makete, Njombe, kwenye baridi kali ya mwezi wa saba. Tumerudi Mbagala jana. Asanteni sana.

Aliyesema nimwage maji ya bomba kwenye rejeta niweke kulanti (maji maalumu ya kupoza injini, hayagandi upesi kwa baridi), Mungu ambariki. Alfajiri ya pili kule Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu (umande ulioganda), lakini rejeta haikuganda na injini iliwaka mara moja.

Jiko la mkaa ndani ya gari sikuthubutu, hewa yake inaua watu usingizini. Masweta, mablanketi, maboksi kwenye vioo, basi. Dirisha tuliliacha wazi kidogo, bado mvuke wa pumzi ukalowesha godoro upande wa mama watoto. Hilo sijalipatia dawa.